Kengele Nane, Kadi na Dadu: Tathmini ya Kifurushi cha Kufundishia Watoto Nyimbo za Kanisani

Kifurushi ninachokitathmini hapa kimetengenezwa kwa ajili ya walimu wa Shule ya Jumapili, na ndani yake mna kengele nane za mkononi zenye rangi, kadi za picha za kufundishia maneno ya nyimbo, dadu kubwa la kitambaa na kijitabu cha maelekezo. Lengo lake ni kuwafundisha watoto nyimbo mpya kwa njia ya mchezo. Nimekitumia na watoto wa rika mbalimbali, na kila kilichomo nimekipima kwa swali moja tu: je, kinamfanya mtoto aurudie wimbo mara nyingi zaidi kabla hajachoka? Mtoto haujui wimbo kwa kuelezwa. Anaujua kwa sababu umepita kinywani mwake tena na tena, na mchezo wowote usiozaa marudio hayo, hata ungependeza namna gani, unakula muda wa kipindi bure.

Kwa kipimo hicho, kitu bora kuliko vyote ni dadu, ingawa ndicho kinachotajwa kwa uchache zaidi katika kijitabu. Kila upande una mchoro wa namna ya kuimba: kunong'ona, kuimba polepole, kupiga makofi, kupokezana makundi mawili, kuimba kwa nguvu na kuimba moyoni. Mtoto mmoja analirusha, darasa zima linauimba ubeti uleule kwa namna iliyojitokeza, na hapohapo kila mmoja anatamani kujua safari ijayo litaangukia upande gani. Ubeti ambao watoto wangeukinai kwa haraka wanauimba mara nyingi bila kulalamika. Upande wa kuimba moyoni ndio wenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa watoto wanafunga midomo, wanaufuata wimbo kimyakimya, kisha wanatoa sauti kwenye neno la mwisho la mstari. Wakitokea pamoja, mwalimu anajua kuwa mapigo yamewaingia, na wasipotokea pamoja, anajua mahali pa kurudia. Upande wa kuimba kwa nguvu siupendekezi kabisa. Watoto wakiambiwa waimbe kwa nguvu hupiga kelele, tuni inapotea na koo zinaumia. Upande huo nimeubandikia karatasi yenye mchoro wa mdomo uliofungwa, ili watoto wavumishe tuni bila maneno.

Kadi za picha nazo zimefikiriwa vizuri. Zinapangwa kwa mfuatano wa mistari ya wimbo, watoto wanaimba huku mwalimu akizionyesha, na kila mzunguko kadi moja inafunikwa, hadi ubeti mzima uimbwe mbele ya kadi zilizofunikwa zote. Mchezo huu unafaa kwa sababu unamlazimisha mtoto kulitafuta neno akilini mwake badala ya kulifuata tu kwa mwenzake, na juhudi hiyo ya kukumbuka ndiyo inayolikaza neno. Aidha, unamweka mtoto asiyejua kusoma sawa na anayesoma vizuri, jambo ambalo karatasi ya maneno haiwezi kulifanya.

Kasoro ya kadi iko kwenye maneno yasiyoshikika. Mkate, nyota, mwanakondoo na mlima vimechorwa kwa uzuri, lakini upendo, neema na rehema vyote vimepewa picha ileile ya moyo. Matokeo yake ni kwamba watoto wadogo huimba "upendo" mahali penye "rehema". Silioni hilo kuwa dogo, kwa maana kwa watoto wengi wimbo ndio fundisho la kwanza la imani wanalolibeba hadi nyumbani, na maneno hayo matatu hayafundishi kitu kimoja. Kadi tupu zimo, ila chache. Nilizitumia kwa kuwaomba watoto wenyewe wachore, na kwa rehema wakachora mtu anayemvuta mwenzake kutoka shimoni, picha inayosema mengi kuliko moyo mwekundu.

Kengele ndizo zinazouza kifurushi hiki, nazo zinahitaji maelezo marefu zaidi. Zimepangwa kutoka do hadi do ya juu, kila moja na rangi yake, na kwenye mpini imeandikwa herufi ya solfa, yaani mfumo wa kuzitaja sauti kwa majina do, re, mi na kuendelea. Uamuzi wa kutumia solfa ni sahihi, kwani mfumo huo una uhusiano wa karibu na uimbaji wa watoto kanisani tangu zamani. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliwafundisha watoto kuimba kwa herufi badala ya nota za mistari, na mwaka 1841, baada ya mkutano wa walimu wa Shule ya Jumapili mjini Hull kumwomba mchungaji John Curwen atafute njia rahisi ya kufundisha uimbaji, yeye aliichukua mbinu ya Glover na kuiendeleza. Baadaye Curwen aliongeza ishara za mkono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, kiganja kinachoelekea kifuani kwa so. Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alizipokea ishara hizo katika ufundishaji wake wa muziki. Inasikitisha kwamba kijitabu hakizitaji, ilhali hazigharimu chochote na zinampa kila mtoto kazi ya kufanya, hata asiye na kengele.

Maana hapo ndipo penye udhaifu. Mtoto aliyeshika kengele huacha kuimba, kwa kuwa macho na akili vyote vinaingoja zamu yake. Kijitabu kinashauri kengele zigawiwe mwanzoni mwa kipindi. Mimi nashauri zitolewe wimbo ukishajulikana, na kila mstari ukiisha kengele ipite kwa jirani, ili asiwepo anayekaa nayo muda mrefu wala anayeikosa kabisa. Kwa watoto wadogo sana, ondoa fa na ti. Sauti tano zinazobaki, yaani do, re, mi, so na la, hazigombani zikilia pamoja, hivyo hata mtoto akikosea zamu wimbo hauharibiki.

Mwalimu ajue pia kwamba kengele hizi zimefungwa kwenye ufunguo wa C, yaani do yake ndiyo nota ya C. Wimbo ulio katika ufunguo wa G unahitaji F iliyopandishwa nusu sauti, na ule wa F unahitaji B iliyoshushwa nusu sauti, na zote mbili hazimo. Kuuhamishia wimbo kwenye C kunasaidia, isipokuwa pale tuni inaposhuka chini ya do ya kwanza au kupita ile ya juu. Vilevile, kengele zinalia juu kuliko sauti ya kawaida ya mtoto, kwa hiyo sauti ya kuanzia itoke kinywani mwa mwalimu, la sivyo watoto watajikaza kuifikia kengele.

Kuhusu uimara, mipini ni mizuri, ila skrubu za ndimi za kengele hulegea na zinapaswa kukazwa kabla ya kila kipindi, hasa panapokuwa na watoto wanaotia vitu mdomoni.

Kwa darasa dogo lenye mwalimu anayeimudu tuni vizuri, nakipendekeza kifurushi chote. Kwa darasa kubwa, kengele nane hazitoshi, na mwalimu anaweza kushona dadu na kuchora kadi mwenyewe kwa gharama ndogo. Watengenezaji wakitaka kulihudumia darasa la namna hiyo, wauze kengele mojamoja, waongeze fe (ile F iliyopandishwa) na ta (ile B iliyoshushwa), na kadi tupu ziwe nyingi kuliko zilizochorwa.