Sanduku la Dungeons & Dragons mezani kwetu Kamalondo

Ukifungua sanduku hili ukitarajia ubao na vijisanamu, utaangalia chini ya kifuniko mara mbili. Ndani mna kijitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha safari cha kurasa 64, karatasi tano za wahusika waliokwisha kutengenezwa, na dadu sita za maumbo mbalimbali. Basi. Ni sanduku la wanaoanza Dungeons & Dragons, lile la 2014. Langu ni la Kifaransa, yaya, mkubwa wangu, alilileta kutoka Brussels, na tunalichezea barazani nyumbani Kamalondo, mjini Lubumbashi, Jumamosi jioni, kinywaji chetu cha munkoyo kikiwa karibu na taa ya betri ikiwa tayari.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu mmoja ni msimamizi, anasimulia dunia na kila kiumbe kilichomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, unarusha dadu ya nyuso 20, unaongeza namba iliyo kwenye karatasi yako, unalinganisha na kiwango alichotaja msimamizi: 10 kwa jambo rahisi, 15 la wastani, 20 gumu. Hiyo ndiyo injini yote. Watu wangu waliielewa kabla mama hajamaliza kusonga bukari, yaani ugali.

Safari iliyomo inaanza na mkokoteni wa mizigo, kuvamiwa njiani na magobelini (vijitu vibaya vya hadithi), mji mdogo wenye wahuni wake, na mwisho mgodi wa zamani uliopotea. Mgodi! Sanduku limeandikwa Marekani, limefika Lubumbashi, na mezani pangu ameketi mjomba aliyechimba kwa mikono Kolwezi, pamoja na binti wa jirani anayesoma mambo ya migodi kwenye kitivo cha polytechnique, yaani uhandisi, UNILU, chuo kikuu cha hapa.

Tulipoingia handaki la kwanza nikasoma upana wake na giza lake. Mjomba akaniangalia tu.

“Hewa inatoka wapi?”

Kitabu kimya. Akauliza nani aliweka miti ya kushikilia dari, na imekaa miaka mingapi. Kitabu kimya tena. Akasema mhusika wake anatangulia na mshumaa ameushusha karibu na ardhi, ukififia wote wanageuka. Mdogo wangu, ambaye kurasa 32 amezimeza zote, akaruka: “Yaya, ile haiko mu kitabu!” Ni kweli, haikuwamo. Lakini kitabu hicho hicho kina kanuni ninayoiona bora kuliko zote za sanduku: mtu akiwa na jambo linalomsaidia, anarusha dadu mbili za nyuso 20 na kuchukua iliyo kubwa, likimkwamisha, anachukua ndogo. Ni fupi, haihitaji jedwali, inaingia popote. Nikampa mjomba dadu mbili. Zikatoka 4 na 17. Kwa hiyo alisikia mchanga ukidondoka dakika moja kabla ya dari kushuka.

Binti wa jirani hakuridhika. “Mjomba, kwa heshima yako, mwamba wa chokaa haushuki namna ile.” Wakashikana kwa maneno, huyu na mikono yake, yule na masomo yake, na chai ikapoa. Hapo ndipo nilipoanza kuzipenda kanuni, mimi niliyekuwa nikiziona kama kamba miguuni. Ningeamua mwenyewe, ama ningempa haki mkubwa kwa sababu ni mkubwa, ama ningemvunjia heshima mbele ya watoto. Dadu haijui nani alizaliwa kwanza. Binti alirusha, akakosa, akacheka, akasema mwamba huu basi si wa chokaa. Mjomba akakubali sifa kama mtu anayelipwa deni la zamani.

Nani kaweka miti mle, mawe yananukia nini, mchimbaji anaogopa nini akisikia kimya: hayo yote yatoke vichwani mwa walioko mezani, na barazani petu vichwa hivyo vina mengi kuliko kurasa 64. Kanuni kazi yake ni kukata shauri pale watu wawili wanapojua mambo mawili tofauti na hakuna anayetaka kushuka. Nikisikia watu wanabishana kama mchezo huu ni wa kubuni au wa sheria, naona hawajawahi kucheza na mjomba.

Kasoro ninazo. Kitabu cha safari kina visanduku vya maneno ambavyo msimamizi anatakiwa kuwasomea wachezaji. Nilivisoma mwanzoni kwa Kifaransa safi, na watu wote wakanyoosha migongo kama inspekta ameingia darasani. Hakuna aliyetaka kusema kitu. Sasa navipitia mchana peke yangu, jioni nasimulia kwa maneno yetu, na mdogo wangu ananikatiza ninavyopenda.

Pia pango la mwanzo ni katili. Jitu kubwa linalokaa ndani yake pigo lake moja ni dadu mbili za nyuso 8 na kuongeza 2, na mhusika mchawi anayeanza tu, aliye kiwango cha kwanza cha nguvu, hana uhai wa kustahimili hayo. Wa kwetu alianguka kwa pigo la kwanza. Wapo wasimamizi wanaoficha dadu nyuma ya karatasi na kutangaza namba ya huruma, mimi sitaki. Mjomba akijua nimedanganya mara moja, ule mshumaa wake hauna maana tena. Bora kubadilisha jambo kabla ya kurusha. Kundi la pili nililoliongoza lilikuta jitu hilo limeweka kizuizi na linadai ushuru wa kupita. Kujadiliana kwenye kizuizi, watu wa hapa hawahitaji kufundishwa. Walitoka na nusu bei na risiti.

(Mama mmoja wa kanisa jirani aliuliza nani hapo ni mchawi. Tukamwonyesha binti wa polytechnique, na miwani yake. Akaenda zake anacheka, ila alirudi Jumamosi iliyofuata kuhakikisha.)

Kasoro kubwa zaidi: kijitabu hakikufundishi kutengeneza mhusika wako mwenyewe. Una watano tu, na wanaishia kiwango cha tano. Ajabu kwa mchezo wa namna hii. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, ukiwa umetoka kwenye michezo ya vita ya vijisanamu, vijitabu vyao vitatu vilimwachia msomaji aamue mengi mwenyewe, na mwishoni vilimwambia hivyo waziwazi.

Tulijaribu pia upande wa pili kabisa, mchezo mwingine wa kusimulia: Lasers & Feelings ya John Harper, ya 2013, ukurasa mmoja tu. Unachagua namba kati ya 2 na 5. Kwa mambo ya akili na mitambo unataka dadu iwe chini yake, kwa mambo ya moyo iwe juu. Tulicheka sana usiku ule. Lakini mjomba hakuogopa kitu hata mara moja, na asipoogopa anaanza kuangalia simu.

Hapa Lubumbashi sijakutana na duka linalouza sanduku hili la Dungeons, kwa hiyo utategemea ndugu anayesafiri. Ukikosa, hati ya kanuni za msingi iliachwa huru na Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo, Januari 2023, chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuinakili, na ya Kifaransa ipo. Humo mna mengi ya kutengenezea mhusika wako. Usichapishe yote, ni mamia ya kurasa. Peleka kwa watu wa fotokopi kurasa za wahusika, za mapigano na za viumbe wachache. Safari tunga mwenyewe, migodi unayo. Dadu ya nyuso 20 ukiikosa, kata vikaratasi 20 vyenye namba, weka kwenye kikombe, na mwachie mkubwa wa meza akichanganye yeye.