Cornas 2012 ya Domaine Clape: chupa ya pili

Chupa mbili za divai hii nyekundu, mavuno ya 2012 ya familia ya Clape katika kijiji cha Cornas, Ufaransa, nilizinunua mji jirani wa Valence mwaka 2015. Ya kwanza niliifungua baada ya mwaka mmoja tu, nikasikitika: ukakasi mtupu, kama nimeng'ata bibo bichi, ulimi ukakauka mpaka kwenye fizi. Ya pili niliilaza kabatini chini ya ngazi, gizani, nikaifungua Pasaka iliyopita.

Ni divai nyingine kabisa. Ukakasi bado upo, ila sasa unashika kinywa kwa utulivu, kama chai ya rangi iliyokolea. Harufu inaanza na pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo, halafu zambarau zilizoiva, zeituni nyeusi, na moshi kama wa nyama iliyoning'inizwa juu ya jiko la kuni. Nilipika pilau ya mbuzi. Ile pilipili manga ya kwenye glasi na ya kwenye sahani zikakutana. Hiyo ndiyo Syrah, zabibu nyeusi ya divai hii, ninayoipenda.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma, baba analima zabibu, kwa hiyo Cornas nilitazama shamba kabla ya chupa. Kwetu ni tambarare na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kule wanavuna mara moja, kwenye mteremko mkali wa mawe ya graniti uliokatwa ngazi na kuzuiwa kwa kuta za mawe. Kazi ni ya mikono. Mizabibu ya zamani, mingine ina zaidi ya miaka 60, inatoa vichala vichache. Nilipomtumia baba picha, aliuliza: "Maji wanayapandishaje, mwanangu?" Hawapandishi. Mizizi inajitafutia yenyewe kwenye nyufa.

Sheria ya Cornas, tangu 1938, ni Syrah peke yake. Akina Clape wanachachusha vichala pamoja na vikonyo vyake, kisha divai inakaa karibu miaka miwili kwenye mapipa makubwa ya zamani, ndiyo maana huonji vanila ya mbao mpya.

Bei inauma: leo ni vigumu kuipata chini ya euro 100. Ukiinunua, ipe miaka 10. Isimamishe siku nzima mashapo yatulie, kisha imimine kwenye jagi masaa mawili kabla ya kula.

Nilibakiza glasi moja mpaka kesho yake jioni. Pilipili manga ilikuwa imepungua, zambarau zimezidi.