Nilimkodi msimamizi wa mijadala, akaanza kwa kunifunga mdomo mimi

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na msomaji anivumilie zikijitokeza. Baada ya mikutano mingi iliyoanza na ajenda na kumalizika na malumbano, chama chetu kiliamua kukodi msimamizi wa mijadala kutoka nje, yaani mtu asiye mwanachama, asiye na rafiki wala mgomvi ndani ya ukumbi, ambaye kazi yake ni kuwarejesha wazungumzaji kwenye mada na kuufunga mjadala pale unapokuwa hauzai tena kitu. Aliyeipendekeza huduma hiyo ni mimi. Nilisimama mbele ya kamati nikaitetea kwa maneno mengi, na katika mkutano wa kwanza ulioongozwa na kijana waliyetuletea watoa huduma hao, aliyezimiwa kipaza sauti katikati ya sentensi nilikuwa mimi huyo huyo.

Ajenda siku hiyo, ukiacha kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, na mengineyo, ilikuwa na mambo mawili ya kujadili: nembo mpya ya chama, na marekebisho ya kifungu cha katiba kinachohusu ukomo wa uongozi. Nembo ilitengewa dakika 15. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mjumbe mmoja alitaka rangi ya kijani, wa pili akasema kijani kimechosha, wa tatu akatueleza kwa kirefu ni nani aliyeichora nembo ya zamani na kwa kalamu gani, na kila mmoja alipomaliza msimamizi wetu alitabasamu, akaandika kitu, akampa nafasi anayefuata. Ukumbi ulikuwa umechangamka. Watu walicheka. Sikushangaa, kwa maana Mwingereza C. Northcote Parkinson alikwisha kuueleza ugonjwa huu mwaka 1957 kwa mfano wake wa kamati ya fedha inayoidhinisha mtambo wa nyuklia kwa dakika mbili na nusu, kisha ikabishana dakika 45 kuhusu banda la kuegeshea baiskeli. Mtambo hakuna anayeuelewa. Banda kila mtu ameliona. Nilichotarajia ni kwamba mtu anayelipwa kwa kazi hii angelitambua banda la baiskeli anapoliona.

Tulipofika kwenye katiba watu walikuwa wamechoka. Nilinyoosha mkono, nikapewa nafasi, nikaanza kueleza kwamba hoja ya kubadilisha ukomo ilipitishwa katika mkutano uliotangulia wakati wajumbe wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, kwamba katiba yetu inataka nusu ya wanachama wawepo ili kura ihesabike, na kwamba mimi mwenyewe nilihesabu vichwa siku ile na havikufika. Sikumaliza. Kijana akainua kiganja, akasema kwa sauti ile ambayo watu huitumia kumtuliza mgonjwa: “Mzee wangu, tumekuelewa. Hilo liko nje ya mada, na mjadala huu naufunga.” Taa ya kipaza sauti ikazimika. Watu wawili watatu nyuma wakacheka, na mimi nikabaki nimesimama na karatasi yangu mkononi kama mtu aliyeachwa na basi.

Nataka nilichambue neno hilo, “nje ya mada”, kwa sababu ndilo lililonifanya nisilale. Akidi, yaani idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uwe halali, haiwezi kuwa nje ya mada yoyote, maana bila akidi hakuna mkutano wa kuwa na mada. Kanuni za uendeshaji wa mikutano zinazotumiwa na vyama vingi ziliandikwa na mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, ambaye mwaka 1863 aliombwa kuongoza mkutano bila kujua unavyoongozwa, mkutano ukamshinda, naye akaapa kutorudi mbele ya watu kabla ya kujifunza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Kwa kanuni hizo, suala la akidi mjumbe anaweza kuliibua wakati wowote mradi hamkatizi mwingine anayezungumza, na mjadala hauwezi kufungwa kwa matakwa ya mwenyekiti peke yake iwapo bado yupo mjumbe mwenye haki ya kusema anayetaka kusema. Inahitajika theluthi mbili ya kura. Sababu ni rahisi: kufunga mjadala ni kumnyang’anya mtu haki yake ya kusema, na haki hainyang’anywi kwa kiganja.

Najua kuna nyakati ambapo mwenye kiti hulazimika kukata kamba mwenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 1881, Spika wa Bunge la Uingereza, Henry Brand, alifunga mjadala kwa uamuzi wake baada ya kikao cha saa 41, kwa sababu wabunge wa Ireland walikuwa wameazimia kuzungumza hadi muswada ufe. Lakini hata Uingereza hawakuliacha jambo hilo mikononi mwa Spika. Walilitungia kanuni, na leo hoja ya kufunga mjadala haipiti bila wabunge 100 kuiunga mkono, tena Spika anaweza kuikataa akiona inaonea walio wachache. Saa 41! Mimi nilinyimwa dakika mbili.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeandika kwamba mtu yeyote asiikodi huduma hii, nikaiwekea katika tathmini hii nyota moja kwa kuwa hakuna njia ya kuweka sifuri. Kisha muhtasari wa kikao ukanifikia.

Katibu wetu ni mtu mvumilivu mno anayeandika kila kitu pamoja na saa yake. Kwa mujibu wa muhtasari huo, nilikuwa nimekwisha kuzungumza mara tatu juu ya kifungu hicho hicho kabla ya mara ile niliyokatizwa, na katika mara hiyo ya nne nilizungumza dakika sita, ambapo neno “akidi” lilitoka kinywani mwangu katika dakika ya tano. Dakika nne za mwanzo nilisimulia jinsi chama kilivyoanzishwa na nani alibeba viti. Kanuni za Robert, ambazo nimezishika hapo juu kama fimbo, zinamruhusu mjumbe kuzungumza mara mbili tu kwa siku juu ya hoja moja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilisoma ukurasa ule mara kadhaa nikitafuta kosa la katibu, sikulipata.

Basi haki itendeke. Kijana yule, kabla ya kufika kwangu, alifanya mambo ambayo sijapata kuyaona kwa mwenyekiti wetu yeyote. Alikuwa na karatasi kubwa ukutani aliyoiandika “Viporo”, na kila hoja nzuri iliyotokea mahali isipostahili aliiandika pale mbele ya macho ya aliyeitoa, naye akakaa chini bila kinyongo kwa kuwa ameona haikutupwa. Watu walipoanza kurudia yaliyokwisha kusemwa kuhusu yatokanayo, hakugombeza, aliuliza swali moja: “Kuna hoja mpya, au tunazunguka?” Ukumbi ukanyamaza. Halafu akataja tulichokubaliana, tulichotofautiana, na nani atakifuatilia, ndipo akafunga. Swali hilo peke yake lingetuokolea nusu ya mikutano yetu ya zamani, na ninakiri kwamba nimeanza kulitumia hata mahali pasipo na mkutano. Kwa hiyo nilipandisha nyota hadi nne, nikajiona mtu mzima.

Zilidumu kwa siku chache tu, mpaka barua ya watoa huduma ilipofika. Nilikuwa nimeandika malalamiko siku ile ile ya mkutano, na jibu lilikuwa na sentensi hii moja ya maana: “Mijadala isiyo na tija hufungwa kwa hiari ya msimamizi, na uamuzi wake hauhojiwi.” Hauhojiwi! Mtu anayelipwa ili wengine wahojiane kwa utaratibu anasema yeye hahojiwi. Hasira zote nilizokuwa nimezikunja zikakunjuka.

Na barua hiyo ndiyo iliyonionyesha kasoro yenyewe, ambayo siku ya mkutano sikuiona kwa sababu ya aibu. Wanadhani tija ya mjadala hupimwa kwa joto lake. Mjadala wa nembo ulikuwa mtamu, watu wanacheka, basi wakauacha ukatambaa zaidi ya saa moja ingawa baada ya dakika 20 hapakuwa na hoja mpya hata moja, na lile swali zuri la kama tunazunguka halikuulizwa. Wangu ulikunja nyuso, viongozi wawili wa meza kuu wakaanza kunong’onezana, basi ukaitwa hauna tija. Lakini utulivu hauthibitishi kitu. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alizungumza katika Seneti ya Marekani kwa saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za kiraia, alipomaliza muswada ukapita kama ambavyo ungepita. Hapakuwa na ugomvi ukumbini, na hapakuwa na kilichozaliwa. Kinyume chake, yapo maneno ya dakika mbili yanayowatibua watu wote na kuubadilisha uamuzi. Msimamizi wa kweli husikiliza kama jambo jipya limesemwa, awe aliyelisema anachosha au hachoshi. Nami, nakubali, nilikuwa nachosha.

Lipo pia suala la jinsi anavyofunga. Kwa yatokanayo alitoa sababu na akataja hatua inayofuata. Kwa nembo, hatimaye, alitoa sababu. Kwangu alitoa “mzee wangu”. Angesema: ndugu mjumbe, umezungumza mara nne, kanuni ni mara mbili, suala la akidi naliandika na katibu atalihakiki kwenye daftari la mahudhurio, ningekaa chini nikiwa nimenuna lakini nisingekuwa na la kuandika hapa. Mjadala unaofungwa bila sababu haufungiki. Huu wetu ulihamia kwenye maegesho ya magari, ukaendelea kwenye simu kwa wiki kadhaa, na sasa kuna wanachama wasiosalimiana ambao kabla ya hapo walikuwa hawana habari na akidi.

Nilikuwa nataka kuishia hapa, kwa nyota moja na nusu. Lakini barua ilikuwa na kiambatisho ambacho kwa ghadhabu sikukifungua siku ile. Kilikuwa ni picha ya ile karatasi ya ukutani. Juu kabisa ya orodha ya viporo, kwa mwandiko wake wa kuinama, ameandika: “Akidi ya mkutano uliopita. Ihakikiwe kabla ya kura.” Kwa hiyo alinisikia. Alinizimia kipaza sauti, akageuka ukutani, akaliandika neno langu wakati mimi nimeinamisha kichwa nikikusanya karatasi, na hakuona haja ya kuniambia.

Sijui nimshukuru au nimkasirikie zaidi. Kamati imeniuliza kama tumkodi tena, nami nimejibu ndiyo, kwa sharti la maandishi kwamba kila atakapofunga mjadala ataje sababu kwa sauti, na kwamba asiniite mzee wake. Nyota tatu. Daftari la mahudhurio bado halijafunguliwa. Likifunguliwa na hesabu yangu ya vichwa ikawa sahihi, nitaongeza ya nne.