Habu ya usukani kwa Toyota ya zamani: ipi ununue na ipi uiache dukani

Malalamiko ya wasomaji yamefanana mno safari hii. Mtu kanunua usukani mzuri wa ngozi, kaufunga kwenye Corolla AE100 au Mark II GX81 isiyo na eabegi, na tangu siku hiyo indiketa hairudi yenyewe akishakata kona, au honi imekufa kabisa. Fundi analaumu nyaya, mwenye duka anamlaumu fundi. Mara nyingi tatizo ni habu, kile kipande kinachokaa kati ya usukani mpya na shafti ya stelingi, ambacho wengi hukinunua mwisho kabisa kwa hela iliyobaki.

Rangi na urembo mtajichagulia wenyewe. Meno ya ndani lazima yalingane na ya shafti, hilo halina mjadala. Mimi nataka uigeuze habu uitazame mgongoni, maana huko ndiko watu hawaangalii.

Mgongoni kuna vitu viwili. Cha kwanza ni pete ya shaba. Kwenye Toyota hizi za zamani, kuna pini ndogo yenye springi inayochomoza kwenye swichi ya stelingi na kusugua pete hiyo muda wote usukani unapozunguka. Ukibonyeza honi, umeme unapita kwenye pini, pete na waya wa kitufe, kisha unaishia kwenye bodi ya gari. Pete ikikaa ndani kuliko inavyotakiwa, hata kwa milimita chache, pini haiifikii na honi hailii. Plastiki inayoitenga na chuma cha habu ikiwa mbovu, honi inalia mfululizo mpaka uchomoe fyuzi. Cha pili ni vidole viwili vinavyoingia kwenye kidude cha swichi na kurudisha indiketa. Vikiwa vifupi, havishiki kitu.

Watu huchukulia hili kama kero ndogo. Hebu fikiria upo Barabara ya Morogoro jioni, indiketa ya kushoto inawaka tangu Ubungo, na bodaboda aliye nyuma anaamini unakata kona. Hapo mtu anaweza kupoteza mguu kwa sababu ya vidole viwili vya plastiki.

Kwa hiyo nenda dukani na usukani wako wa zamani mkononi. Laza rula juu ya mgongo wake, pima pete imeingia kiasi gani na vidole vimechomoza kiasi gani, kisha pima habu mpya vilevile. Beba na multimita: kati ya pete na waya wa honi umeme upite, kati ya pete na mwili wa habu usipite.

Chaguo langu la kwanza ni HKB Sports ya Japani, na sifichi kwamba naipendelea. Kila habu imetengenezwa kwa familia maalumu ya magari. Namba za bidhaa zinazoanza na OT ni za Toyota, ON ni za Nissan. Nilizozishika mimi zilikuwa na pete iliyokaa sawasawa na vidole vya urefu kamili. Karatasi ya maelekezo ni ya Kijapani, lakini michoro inajieleza.

Ya pili ni Works Bell, nayo ya Japani. Ubora uko palepale. Kwetu tu ni adimu zaidi. Matundu yake ya boliti yametobolewa kwa mpangilio wa duara la milimita 70 unaotumiwa na usukani wa MOMO, Sparco na OMP, na ule wa 74 wa Nardi, kwa hiyo ukibadili usukani kesho hununui habu nyingine.

Ya tatu ni MOMO yenyewe. Habu nzuri, kampuni ya Kiitaliano iliyoanza miaka ya 1960, na nyingi zina sehemu iliyoundwa ijikunje kifua kikigonga usukani. Nimeishusha kwa sababu moja: feki zake zimejaa, na boksi linaigwa vizuri kuliko chuma chenyewe.

Habu fupi ya NRG imekusudiwa kufungwa pamoja na kifaa cha kuchomoa usukani haraka. Ukiifunga peke yake, usukani unasogea mbele mno na vidole vyako vinagonga swichi ya waipa.

Zisizo na jina? Chache zinafanya kazi. Ya kuchomelea usiiguse.

Gari yenye eabegi iache na usukani wake. Na hata ukitaka kuufungua kwa kazi nyingine, chomoa betri na usubiri angalau sekunde 90, kama Toyota wanavyoelekeza. Kwa wasio na eabegi: nyoosha matairi, weka alama kwenye shafti, na unapovuta usukani wa zamani acha nati ya kati imeshika nyuzi chache, usije ukakurukia usoni.

Sasa wauzaji. Kuna duka Kariakoo walinikatalia kabisa kufungua boksi kabla sijalipa, na kwenye risiti wameandika bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Sehemu ya kuangalia ni mgongo wa habu, na mgongo uko ndani ya boksi lililogundishwa! Wengine hawakuuzii habu peke yake. Ni seti na usukani wao, bei moja, na ukiuliza habu inagharimu kiasi gani ndani ya hiyo bei hupati jibu. Bei nayo inapanda ukitaja tu neno orijino. Unalipia jina, huoneshwi kitu.

Akikataa ufungue boksi, ondoka. Tafuta namba ya habu ya gari yako kwenye orodha ya HKB na uagize moja kwa moja Japani, hata ikibidi uchange na wenzako wawili watatu ili mgawane usafirishaji.