VS Code kwenye flashi: leseni niliyoisoma umeme ulipokatika

Nimeitumia VS Code, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo (code), miaka sita, na programu yenyewe naipa nyota nne na nusu bila kusita. Inafanya kazi vizuri hata kwenye laptopu yangu ya mtumba. Leo lakini napima leseni yake, ile ambayo wengi wetu tunabofya kukubali na kupita.

Sisi tuko watano. Tunaandika programu ya kupimia kahawa ya chama cha msingi upande wa Kibosho: karani anaingiza kilo, mkulima anapata risiti. Msimbo wetu ni huria, yaani yeyote anaweza kuutumia, kuubadili na kuugawa, chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Tunakutana Jumamosi kwenye chumba cha ghorofani karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, na kwa kuwa bando ni la kuchangishana, mmoja anapakua, wengine wanachukua kwa flashi.

Jumamosi moja umeme ukakatika, dogo mgeni kwenye kundi akiwa ndiyo kwanza kachomeka flashi. Betri yangu ilikuwa na asilimia 40, kazi haiendi, nikaifungua leseni nikasoma mstari kwa mstari. Kwenye yale yasiyoruhusiwa nikakuta: kuigawa kwa wengine, kuichapisha, kuikodisha. Nikamwambia, "Hebu chomoa kwanza."

"Kaka, si huria hii? Leseni ya MIT nimeiona GitHub kwa macho yangu."

Kaiona kweli. Msimbo uliowekwa hadharani GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, Novemba 2015, unaoitwa Code - OSS, uko chini ya MIT, leseni huria: karibu ufanye utakavyo. Ila faili unalopakua kwenye tovuti ya Microsoft limejengwa kutokana na msimbo huo, likatiwa nembo, duka la viendelezi (vipande vya kuiongezea programu uwezo) na utumaji wa taarifa za matumizi, kisha likapewa leseni nyingine kabisa. Nikamwambia ndizi ni za shamba la ukoo, mbege ni ya mama aliyeipika. Alicheka, lakini alichomoa.

Tusiwaonee. Leseni haidai hata senti, hata ukiitumia kwa kazi ya malipo, na inakuruhusu nakala zozote utakazo kuandikia na kujaribia programu zako, mpaka ndani ya mtandao wa kampuni yako. Mwenye ofisi ameshiba hapo. Sisi hatuna ofisi, tuna flashi yenye uzi mwekundu.

Kwangu, kigumu zaidi ni viendelezi. Masharti ya duka lao yanataka vitumike ndani ya bidhaa za Visual Studio tu. Pylance ya kusaidia kuandika lugha ya Python, Remote - SSH ya kufanyia kazi kwenye kompyuta ya mbali, Live Share ya kuandika msimbo pamoja, vyote ni bure na vyote vimefungwa. Aprili 2025 watu wanaotumia Cursor, programu nyingine ya kuandikia msimbo iliyojengwa juu ya msimbo uleule, walikuta kiendelezi cha C/C++ cha Microsoft kimegoma. Sasa wewe mwenye mradi huria ukiandika kwenye maelekezo "sakinisha Pylance", kila anayetaka kukusaidia umeshamchagulia mlango wa kuingilia.

Wenzetu wa Linux, ule mfumo endeshi huria, walipita njia hii zamani. Kuanzia 2002 msimbo wao uliwekwa kwenye BitKeeper, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, bure kwa miradi huria, mradi usishiriki kutengeneza kitu cha kushindana nayo. Mwaka 2005 ule ubure ukaondolewa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa akaandika Git ya kushika nafasi yake. Dogo anaitumia Git kila siku na hakuwa anajua kwamba ilizaliwa kwenye ugomvi wa leseni.

Na sisi tumeonja. Kuna kifaa kingine cha kuchorea hifadhidata, jina nalihifadhi, kilitupa leseni ya bure ya mwaka mmoja kwa sababu mradi ni huria. Chama kilipotulipa nauli na posho ya kufundisha makarani, tukaambiwa tumeshakuwa biashara. Posho yenyewe iliishia kwenye chipsi.

Kwenye kundi tumehamia VSCodium. Ni msimbo uleule wa Code - OSS, umejengwa na watu wa kujitolea, utumaji wa taarifa umezimwa, leseni ni MIT, na viendelezi vinatoka Open VSX, duka la wazi linalosimamiwa na taasisi ya Eclipse Foundation. Pylance humo haimo, tunatumia basedpyright, mbadala wake ulio huria, na kwa Python yetu ya kujumlisha kilo na kukata makato inatosha sana. Mimi binafsi VS Code bado ninayo kwenye mashine yangu, kwa ajili ya Remote - SSH ninapoingia kwenye seva. Siwezi kujifanya mtakatifu.

Leseni ya VS Code, basi: nyota nne kwa mtu mmoja mwenye bando lake, mbili kwa kundi kama letu.

Flashi ya uzi mwekundu sasa ina VSCodium, na pembeni faili la leseni, maana MIT inataka tangazo lake la hakimiliki lisafiri na nakala. Jumamosi iliyopita haikuwepo mezani. Dogo kaenda nayo chuoni.