Kipimo cha metaboliti za damu kwa wenye MS: maabara makini, ripoti yenye pupa

Huduma ninayoitathmini hapa hupima kwa mkupuo mmoja sukari, asidi za amino, mafuta na metaboliti nyingine nyingi, yaani kemikali ndogo zinazotumika au kuzalishwa mwilini, zilizomo kwenye damu, kisha humtumia mwenye ugonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS kama wengi tunavyouita, yaani ugonjwa unaoathiri ubongo na uti wa mgongo, ripoti inayodai kumweleza ugonjwa wake umefikia wapi. Nikiwa ninaishi na ugonjwa huu niliijaribu kwa hamu, na kwa upande wa maabara sina lawama. Lawama zangu ni kwa ripoti, ambayo inasema mengi kuliko damu yenyewe inavyoweza kusema.

Nianze na kinachostahili sifa. Mtaalamu aliyenitoa damu alihakikisha kwanza kwamba sijala chochote tangu usiku, akanikataza kukunja ngumi, akaulegeza mpira wa kufungia mkono mara damu ilipoanza kutiririka, kisha akakitia kichupa kwenye barafu papo hapo. Hayo si madoido. Chembe nyekundu huendelea kutumia sukari hata zikiwa ndani ya kichupa na kuigeuza kuwa laktati, kwa hiyo damu iliyoachwa mezani kwa saa chache huonyesha sukari iliyoshuka na laktati iliyopanda, ingawa mwilini mwa mgonjwa hakuna kilichobadilika. Kwa kuwa zipo tafiti zilizokuta laktati ya juu katika damu ya wenye MS, uzembe wa namna hiyo ungetosha kumtia mtu hofu ya bure.

Katika ripoti, ukurasa ulioandikwa vizuri zaidi ni ule wa njia ya kinurenini, yaani mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali mwilini. Unaeleza kwamba sehemu kubwa ya triptofani, asidi ya amino tunayoipata kwenye chakula, huvunjwa kupitia njia hiyo, kwamba uvimbe mwilini huichochea, na kwamba baadhi ya vitu vinavyozalishwa humo, kama asidi ya kwinolini, vinaweza kudhuru seli za neva ilhali vingine, kama asidi ya kinureni, huzikinga. Yote ni sahihi. Ukurasa unaofuata, hata hivyo, unayakusanya maelezo hayo yote katika alama moja ya rangi, kijani, njano au nyekundu, na kuiita hali ya ugonjwa. Njia hiyohiyo huchochewa pia na maambukizi ya kawaida, na unene, na hata interferoni beta ambayo baadhi yetu hujidunga kutibu MS. Tofauti zinazoonekana watafiti wanapolinganisha kundi la wagonjwa na kundi la watu wasio na ugonjwa hupishana mno kuweza kumhukumu mtu mmoja, na ndiyo sababu utambuzi wa MS bado hutegemea dalili, picha za MRI na, inapobidi, maji ya uti wa mgongo, kwa kufuata vigezo vya McDonald vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye.

Kasoro inayoniudhi zaidi imo kwenye fomu ya kujaza kabla ya kipimo. Inauliza habari za kahawa na pombe, lakini haiulizi kama mtu ametumia steroidi, ambazo hutolewa mara nyingi wakati wa shambulio jipya na hupandisha sukari. Haiulizi pia kuhusu biotini. Vitamini hii ilijaribiwa kwa wenye MS kwa dozi ya 300 mg kwa siku, na kwa kiasi hicho huvuruga baadhi ya vipimo vya homoni, kiasi kwamba tezi ya shingo iliyo salama inaweza kuonekana kuwa inafanya kazi kupita kiasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu biotini na vipimo vya maabara mwaka 2017. Nao wenye huduma hii, kwa ukarimu, wameongeza homoni za tezi hiyo kama zawadi kwa mteja!

Sehemu ya vitamini D ni fupi na ya busara. Inayofuata ni orodha ya virutubisho vinavyouzwa na huduma hiyohiyo, na hapo mshauri anageuka mchuuzi.

Kwa sukari, mafuta na vitamini D nitawarudia, na majibu nitampelekea daktari wangu wa neva pasipo ule ukurasa wa rangi. Kuhusu fomu niliwaandikia. Wamejibu kwamba swali la steroidi litaongezwa, lakini la biotini hawakuligusa.