Kuhamia Kalemie kutoka Lubumbashi: niliyoyaona kabla ya kufunga mizigo

Bwana yangu ni mwalimu, na chuo kikuu cha Kalemie kilimwambia nafasi ipo akitaka kukaa kabisa, badala ya kwenda kufundisha na kurudi. Vyuo vingi vya mikoani kwetu vinaishi hivyo: profesa anashuka kwenye ndege, anamwaga kozi nzima kwa wiki chache, anapanda ndege tena. Yeye alishakubali moyoni tangu siku alipoliona Ziwa Tanganyika. Mimi nina biro ya fotokopi karibu na Kasapa, kampasi ya chuo kikuu cha Lubumbashi, na mashine zangu haziogelei. Nikamfuata kiangazi hiki, nikapange chumba, niende sokoni, nipike, niishi kama mkaaji. Ninajua wako mama wenzangu wa Lubumbashi wanaopima safari hiyohiyo, ndiyo maana ninaandika.

Nianze na chakula, maana ndicho kilichonilegeza. Sisi huku tumezoea tomson, samaki wa barafu anayeagizwa kutoka nje. Kule unashuka ufukweni asubuhi, samaki wa mikeke bado wanang'aa, dagaa wa ndakala wameanikwa mchangani, na bukari, yaani ugali, inashuka yenyewe. Ila usipige hesabu ya mwaka mzima kwa bei ya siku moja: nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Muulize muuzaji bei ya msimu huo. Usimuulize mwenyeji anayetaka uhamie, naye kwangu alikuwa bwana yangu.

Hali ya hewa nayo ni nyingine. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, na Juni tunalala na blanketi mbili. Kalemie iko chini kwa mita 400 hivi. Ni joto, ni unyevu, na mbu wake hawana likizo. Neti ya kitanda iingie kwenye bajeti kabla ya viti vya sebuleni.

Sasa kazi, ambayo ndiyo iliyonipeleka. Wanafunzi wapo, na mwanafunzi ni mwanafunzi popote: atakuletea TFC, kazi yake ya kumaliza masomo, usiku wa mwisho, kurasa hazina namba, anataka nakala nne zenye jalada gumu kesho saa mbili. Kwa upande huo mji mdogo ni mzuri kuliko Kasapa, ambako biro zimebanana ukuta kwa ukuta. Karatasi haikunisumbua, niliyoikuta madukani ilivuka ziwa kutoka Kigoma. Wino wa mashine ndio ulionikosesha usingizi. Hapa nikiishiwa ninatuma mtu mjini, au ninapanda basi la Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asubuhi na jioni niko nyumbani. Kalemie iko zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa hata ukipima kama ndege anavyoruka, na barabara haijui mstari ulionyooka, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Reli ipo, ya tangu 1915 kutoka Kabalo, lakini gari moshi usilipangie siku. Inabaki ndege, na ndege inapima kilo. Kopo la wino likifika, faida yake imeshaliwa angani.

Umeme unatoka kwenye maporomoko ya Bendera, kaskazini mwa mji. Mtaani tulikokaa ulikuwa unakuja na kuondoka bila salamu. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, hata Lubumbashi tunaijua, simlaumu mtu, ila biro bila jenereta kule ni meza tu.

Kuhusu nyumba, nina neno moja kali: msidanganywe na veranda inayotazama maji. Dalali alituonyesha nyumba nzuri ya chini, kodi laini, garanti (amana ya mwenye nyumba) ndogo, nami nikaanza kuuliza kwa nini. Ukuta ulikuwa na mstari wa matope unaonifika magotini. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na mlango huo uko hapohapo Kalemie. Mvua zikizidi kwenye bonde zima, maji hayana haraka ya kutoka. Mwaka 2024 yalipanda mpaka yakaingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Tafuta kilimani. Utapanda kwa miguu ukitoka sokoni, utatoa jasho, lakini godoro litabaki kavu.

Maji ya kunywa: yachemshe au tia dawa, hata yakiwa maangavu kama kioo. Kipindupindu ni mkaaji wa zamani wa fukwe hizi, na watu wengi bado wanachota ziwani moja kwa moja. Nilipomwona jirani akijaza bidoni hatua chache kutoka wanapofua nguo, nilinunua vidonge vya klorini siku hiyohiyo.

Usalama nisiupambe. Mjini tulitembea jioni bila shida. Lakini Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, imepokea wakimbizi wa ndani wa migogoro ya Watwa na Waluba, na mwaka 2025 maboti yakaleta watu wanaokimbia vita vya Kivu Kusini. Mji mdogo unapopokea wengi, vyumba vya kupanga na vitanda vya hospitali vinahesabika haraka. Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani ajiulize kwanza daktari wake yuko wapi.

Kwa anayelipwa palepale na asiyehitaji Lubumbashi kila mwezi, ninasema aende, ataishi vizuri. Kwa mfanyabiashara anayekula kwa kwenda na kurudi, asubiri. Sisi tumegawanya. Bwana yangu anaanza mwaka wa masomo kule, amepanga nyumba ndogo kilimani, ya mwaka mmoja, hatujauza kitu huku. Mkubwa wetu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anabaki nami mpaka apite mtihani wa serikali. Biro ya Kasapa inaendelea. Mashine moja ya zamani, ile isiyochagua wino, nitaipeleka kwa gari moshi, hata likichelewa, pamoja na jenereta, aiweke sebuleni na kumwajiri kijana mmoja. Ikijilipia jenereta na mafuta yake mpaka Juni, nitakwenda kuangalia chumba cha pili.